Matone Mawili na Sahihi Moja

“Hakuna kemia mahali pasipo na kimiminika. Binti huyu hakufanya utafiti, alisaga unga.”

Maneno hayo si yangu. Yamepigwa kwa mashine, yamegongwa muhuri, yako kwenye ukurasa wa pili wa ripoti yenye kurasa tatu, na aliyeyaandika ameketi hapa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Ndiye tuliyekuja kumuaga. Nitayajibu, na nitayajibu mbele yake, kwa sababu kuyajibu mgongoni pake kungekuwa kumkosea adabu. Lakini kwanza niwasalimu.

Mheshimiwa Musitanteri, mkuu wa Komini yetu ya Rumonge. Waheshimiwa Sheikh na Padri, mlioketi bega kwa bega kama mnavyoketi katika kila harusi na kila msiba wa mji huu. Ndugu Mkurugenzi wa shule yetu. Profesa Léonard, mgeni wetu wa heshima, pamoja na Mama Profesa. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Minago na Gatete, nanyi wa Muhuta mliochelewa kwa kuwa barabara ya leo imefunguliwa saa nne badala ya saa mbili. Kina mama wa soko. Wanafunzi mliopanda ukutani mkidhani siwaoni: amahoro, amani kwenu nyote.

Waliopanga sherehe hii waliniita juzi wakaniambia, “Mwalimu Abdoulkarim, tafadhali, leo sifa tupu. Vita iko ya kutosha huko barabarani.” Nikawaahidi sifa, na ahadi naitimiza. Kila nitakalosema mchana huu ni sifa kwa Profesa Léonard, hata yale yatakayomfanya ajikune shingo.

Ila sifa zangu zinahitaji muda wa dakika kumi na tano hivi, na kinu. Namwomba Mama Zuwena apite mbele. Kwa ajili ya wageni wawili waliotoka Bujumbura, maana wengine wote mnamjua: huyu ndiye mama anayesaga pilipili na viungo katika soko la Gatete tangu mimi sijaoa, na hakuna sufuria ya pilau upande huu wa ziwa ambayo haijapitia mikononi mwake. Mezani pake kuna kinu kidogo cha kaure na mchi wake. Kuna karatasi mbili zilizokunjwa. Katika moja kuna unga mweupe unaonukia vanila, na ni vanila kweli, ile ya kiwandani wanayotia kwenye biskuti. Katika ya pili kuna unga mwingine mweupe, usio na harufu, ambao nimeonywa mara tatu nisiuonje. Kwa hiyo mnajua kwamba nilikuwa nimekaribia.

Profesa, tafadhali, chungulia. Ni nyeupe zote mbili? Ameitikia kwa kichwa. Ni kavu? Ameitikia tena. Mheshimiwa Musitanteri, wewe ni shahidi. Mama Zuwena, changanya, tia matone yako mawili, anza kusaga. Ninyi wengine nisikilizeni mimi, msimtazame yeye. Najua mtamtazama yeye.

Sasa sifa ya kwanza.

Mwaka wa 1969 nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeketi dawati la mwisho katika shule hii hii. Akaingia mwalimu mpya, kijana, mwembamba, mguu mmoja wa suruali umebanwa kwa kibanio cha kuanikia nguo ili usiingie kwenye mnyororo. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Minago. Shule haikuwa na maabara. Haikuwa na chupa hata moja ya asidi. Mwalimu huyo akatoa mfukoni ndimu tatu, akatoa jivu la maganda ya ndizi ndani ya kopo, akatoa maji ya zambarau aliyokamua kutoka katika maua ya uani kwao. Akakamulia ndimu katika glasi ya kwanza, maji yakawa mekundu. Akatia jivu katika ya pili, yakawa ya kijani. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja ila kwa kusema kwamba leo ndiye mkurugenzi wa shule, akanyoosha mkono akauliza, “Mwalimu, hii ni kemia au ni mapishi?”

Darasa likacheka. Mwalimu Léonard hakucheka. Aligeuka akaandika ubaoni, na mimi nikanakili, na daftari lenyewe ni hili hapa, panya amekula pembe moja lakini mwandiko upo: “Kemia haiulizi chombo kimetoka wapi. Inauliza: umethibitishaje?”

Ndugu zangu, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mwalimu. Imenigombanisha na wakaguzi wanne na mawaziri wawili, na sijutii ugomvi hata mmoja. Mtu aliyeiandika anastahili kila wimbo mlioimba leo na kila kreti ya soda iliyoko nyuma ya jukwaa. Ndiyo maana nauliza, bila ubaya: mwalimu wa mwaka wa 1969 na profesa aliyeandika ripoti ya mwaka huu wa 1998, hawa wawili walikosana lini?

Endelea, Mama Zuwena. Hapana, bado, mkono wako unajua kuliko saa yangu.

Anayesemwa katika ripoti ile ni Domitille, binti wa Minago, aliyeketi mstari wa tatu kando ya mama yake, na ambaye sasa anatazama viatu vyake. Domitille ni mwanafunzi wa udaktari wa kemia. Miaka miwili iliyopita alikuwa na kila kitu kinachohitajika: mada, chumba cha maabara, na mapipa mawili ya kiyeyushi yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Kisha vikwazo vya majirani vikaanza, mipaka ikafungwa, na mapipa yake yakakwama Kigoma. Kutoka hapa, siku isiyo na ukungu, mtu anaweza kukisia Kigoma iko upande gani. Yeye alikisia kwa miezi kumi na minne.

Niwaeleze wasio wanakemia, na wanakemia mnivumilie. Kiyeyushi ni kimiminika cha kuyeyushia. Unapotaka vitu viwili viungane viwe kitu cha tatu, unavitumbukiza ndani yake ili chembe zake zielee na kukutana. Kimiminika chenyewe hakimo katika kile unachotengeneza. Ni mtumbwi tu, unavusha abiria kisha unaachwa. Lakini mtumbwi huu hauachwi ufukweni. Kwa kijiko kimoja cha kitu ulichotaka unatumia ndoo nzima ya kimiminika, nacho kinanuka, kinashika moto, kinaumiza kichwa, na baada ya kazi ni lazima kiende mahali. Kiende wapi? Ujana wangu nilifanya kazi katika maabara moja, siitaji, ambako jibu lilikuwa tundu la sinki. Na tundu la sinki linaelekea mferejini, na mfereji unaelekea wapi? Sisi tunaokunywa ziwa hili, tunaooga ndani yake, tunaokula samaki wake, mukeke na ndagala, hatuhitaji ramani.

Kwa hiyo mapipa yalipokwama, Domitille alifanya jambo ambalo mtu aliyesoma kijinga asingelifanya. Alirudi maktabani. Akakuta kwamba Wayunani wa kale, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, walisaga jiwe jekundu katika kinu cha shaba pamoja na siki, wakapata zebaki bila kuwasha moto. Akakuta kwamba karne iliyopita watu wazima wenye ndevu walisaga chumvi za fedha katika vinu na kuandika walichokiona. Akakuta kwamba hata leo kuna maabara za ng'ambo zenye vinu vya umeme, unaweka unga na gololi za chuma katika kopo, kopo linatikiswa, na unga unatoka ukiwa kitu kingine. Hakuna ndoo. Hakuna mvuke wa kuumiza kichwa. Katika mmenyuko aliouchagua yeye, taka pekee inayotoka ni maji, nayo ni machache kiasi kwamba kinu kinatoka jasho tu.

Profesa anasema chembe za unga mkavu zimejifungia kila moja nyumbani kwake, haziwezi kukutana. Ni hoja nzuri, na ninaiheshimu. Lakini mchi ni wa nini, kama si wa kubomolea kuta? Kila pigo linapasua chembe na kufungua uso mpya ambao haujawahi kuguswa, na uso huo ukibanwa dhidi ya uso wa mwenzake, ndoa imefungwa. Mama yeyote hapa anajua kwamba kitunguu saumu kizima hakinuki. Kinanuka kikipondwa. Harufu ile haikuwamo, ndugu zangu. Imezaliwa kwenye kinu. Kina mama mmekuwa mkifanya kemia hii kila siku, na hakuna aliyewaletea ripoti.

Umeme wa chuo ulikuwa unakuja kwa saa mbili na kwenda kwa siku mbili. Domitille akafunga sanduku akarudi nyumbani, akaenda kwa Hamissi, mwenye mashine ya kusaga mihogo pale Minago, inayotumia mafuta na isiyongoja umeme wa mtu. Hamissi, simama wakuone. Akamwambia, “Kaka Hamissi, nataka kopo litakalotikiswa na mashine yako.”

Hamissi akamwuliza, “Utasaga mihogo gani yenye inaingia mu kopo?”

“Si mihogo. Ni teze yangu, tasnifu ya chuo.”

“Iko kavu?”

“Kavu kabisa.”

“Basi lete. Tukimaliza mihogo ya watu, saa sita mpaka saa nane mashine ni yako.”

Hivyo ndivyo udaktari ulivyoingia Minago. Hamissi alichukua gololi kutoka kwenye bearingi ya lori lililokufa, akachukua debe dogo, akalifunga kwenye gurudumu la mashine kwa mpira wa baiskeli. Na hapa nafika kwenye kosa, kwa sababu kulikuwa na kosa, na Profesa ameliandika katika ripoti yake kwa furaha ya mtu aliyeokota pete.

Siku ya kwanza unga uliingia mweupe ukatoka wa rangi ya machungwa, unang'aa. Kitabu kinasema utakuwa wa njano. Domitille akadhani amegundua kitu kipya duniani. Alipiga vigelegele peke yake, akamkumbatia Hamissi, akakimbia kumwita mama yake shambani. Hamissi alibaki na debe mkononi. Akanusa. Waliporudi akasema polepole, “Dada, miye hii rangi naijua. Hata wewe unaijua. Ulikuwa unaila jana.”

Yalikuwa mawese. Debe lile lilikuwa limesafirisha mawese kwenda Bujumbura kwa miaka minne. “Lakini nililiosha,” Domitille akasema, “nililiosha mara tatu kwa sabuni.” Na mama yake, Mungu amweke, akauliza, “Sabuni gani?” Sabuni ya mche, ya hapa hapa. Na sabuni ya Rumonge, ndugu wageni kutoka Bujumbura, inapikwa kwa nini? Kwa mawese. Mtoto wetu aliosha mawese kwa mawese mara tatu, akashangaa kukuta mawese.

Chekeni. Yeye mwenyewe amecheka miezi mingi. Hakuna mji mwingine ninaoujua ambako mwanakemia angeweza kufanya kosa hilo, na hakuna mwanakemia mwingine ninayemjua ambaye angeliandika. Kwa sababu aliliandika, Profesa. Liko ukurasa wa arobaini na moja wa tasnifu yake, kwa mkono wake, pamoja na tarehe na idadi ya mara alizoosha. Hukuligundua wewe, uliambiwa na yeye. Tangu lini shahidi anayejitaja mwenyewe anaitwa mwongo? Wangapi kati yetu tuliosoma tumefukia debe letu la mawese chini ya ukurasa safi?

Mama Zuwena, unaendeleaje? Anasema nisimharakishe. Sawa.

Hamissi alitengeneza kopo la pili, la chuma kisichoshika kutu, alilolikata kutoka kwenye mtambo wa zamani wa maziwa. Safari hii lilisuguliwa kwa mchanga wa ziwani na kusuuzwa kwa spiriti; sabuni haikulikaribia. Unga ukatoka wa njano. Lakini njano hafifu, na kipimo kikaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja yake ilikuwa haijabadilika. Wiki tano alihangaika. Akaongeza gololi. Akaongeza muda mpaka saa moja na nusu. Unga ulikuwa unaganda ukutani mwa kopo na kukaa pale kama mpangaji aliyegoma kuhama.

Siku moja akaenda sokoni Gatete kununua pilipili, na hapo ndipo Mama Zuwena anapoingia katika historia ya sayansi, na nasema hivyo bila mzaha. Domitille alisimama akamtazama anavyosaga. Mama Zuwena akamwuliza, “We mutoto, unatazama pilipili ama unatazama miye?”

“Natazama ukuta wa kinu, mama. Yako haigandi. Yangu inaganda.”

“Unasaga nini?”

“Unga fulani, wa shule.”

“Unakwangua ukuta?”

“Nakwangua.”

“Unatia tone?”

“Tone la nini, mama?”

“Ya kile iko karibu. Miye natia ndimu. Pilipili ikikauka sana inakukimbia, inapanda mu ukuta, inaruka mu macho. Unatia tone moja, mbili, inatulia, inakubali mchi. Lakini usitie kikombe, mutoto wangu. Ukitia kikombe umeshapika supu.”

Domitille hakununua pilipili. Alirudi Minago kwa pikipiki ya kwanza aliyoiona. Alijaribu tone la maji, tone la ndimu, tone la mafuta, tone la spiriti, kila moja kwa siku yake, na matokeo yake kwenye safu yake. Spiriti ilishinda. Matone mawili tu katika kopo zima, na kazi iliyokuwa ikishindikana kwa saa moja na nusu ikaisha kwa dakika kumi na mbili, yote, bila unga mweupe kubaki. Alirudia mara kumi na moja. Alipima kiwango cha kuyeyuka kwa bomba la kioo lililozamishwa katika mafuta ya moto, na ndiyo, mafuta yenyewe yalikuwa mawese, safari hii nje ya bomba, mahali pake. Unga uliyeyuka wote kwa pamoja, kwenye nyuzi zile zile zilizoandikwa kitabuni. Padri, uliyeketi hapa, ulibeba bahasha yake ulipokwenda Ulaya kwa matibabu ya macho. Maabara ya huko ikajibu baada ya miezi mitano kwamba kitu ni kile kile na ni safi. Jibu limeunganishwa nyuma ya tasnifu.

Nimeulizwa na watu, na pengine nanyi mnajiuliza: je, unga huu ni dawa? Domitille hunikataza kusema ndiyo. Anasema ni hatua ya kwanza ya kuelekea kwenye jamii fulani za dawa, na kwamba kati ya hatua ya kwanza na kidonge kuna kazi ya miaka. Naheshimu ukali wake. Mimi nasema hivi tu: nchi ambayo barabara yake inafungwa asubuhi na mipaka yake inafungwa mwaka mzima ina haja gani zaidi ya kemia inayohitaji kopo, gololi na matone mawili? Na nchi zenye mapipa tele zina haja gani zaidi ya kuacha kuyamwaga? Watakuja kutuuliza siku moja. Ningependa tuwe na tasnifu ya kuwaonyesha.

Mwezi wa tano alipeleka matokeo yake Bujumbura kwa basi, na kopo lake akalipakata. Katika kizuizi cha Muhuta askari akapanda, akamwuliza, “We dada, iko nini mu hiyo kopo?”

“Ni kinu, shefu.”

“Kinu gani yenye inafungwa na skrubu?”

Akalitikisa. Gololi zikagonga. Abiria wote wakashuka bila kuamriwa.

“Fungua.”

Domitille akafungua. Askari akatazama unga wa njano, akatazama gololi. “Uliichoma moto?”

“Hapana. Iliingia nyeupe. Niliigonga tu mpaka ikageuka.”

Askari akafikiri kidogo, halafu akamrudishia. “Sawa. Hata miye niliingia mu kambi niko vingine, wakanigonga miezi sita, nikatoka vingine. Pita.”

Ndugu zangu, askari yule aliielewa nadharia yote kwa dakika mbili, amesimama juani, na bunduki begani. Sisemi kwamba anamshinda Profesa kwa elimu. Nasema kwamba yeye alifungua kopo kabla ya kutoa hukumu.

Sasa niseme kilichopo mezani leo, tusije tukacheka tukasahau. Tasnifu inahitaji sahihi za wasomaji watatu. Wawili wameshatia sahihi. Wa tatu ni Profesa Léonard. Jumatatu asubuhi kustaafu kwake kunaanza, kiti chake kinakuwa kitupu, na kwa kanuni za chuo jalada lisilokamilika linarudi kabatini mpaka apatikane msomaji mwingine wa fani hiyo. Ninyi mnajua wasomaji wengine wa fani hiyo wako wapi. Wengine wako Ulaya, wengine wako Kanada, na wengine hatutawaita majina katika siku ya furaha. Kabati hilo ni kaburi. Miaka miwili ya binti huyu, kopo la Hamissi, matone ya Mama Zuwena, vyote vinaingia humo kesho kutwa kwa sababu ya ukurasa mmoja usio na wino.

Jana Domitille alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amesikia kwamba nitasema. Akaniambia, “Mwalimu, wewe ukisema, watu wanachagua upande. Mimi sitaki upande. Nataka sahihi. Na Profesa ni mwalimu wangu, alinifundisha kushika bomba la kioo. Usimwaibishe.”

Nikamwambia sitamwaibisha. Nitamkumbusha.

Kwa hiyo sikiliza, Profesa wangu, na sasa nasema na wewe peke yako, hawa wengine wamebahatika tu kuwepo. Sikuja kukwambia kwamba ulikosea lote. Uliandika kwamba hakuna kemia pasipo na kimiminika, na tazama, kimiminika kimo. Matone mawili ya spiriti, yameingia mbele ya macho yako. Chukua ushindi huo, ni wako, hata katika tasnifu umetajwa kwenye sura inayohusu matone. Ulidai ndoo, sisi tulianza kwa ukame, tumekutana katikati. Na wewe ndiye uliyetufundisha kukutana pale ushahidi ulipo, si pale heshima ilipo. Kuna watu wanastaafu wakiwa wameacha majengo yenye majina yao. Wewe unaacha kitu adimu zaidi: wanafunzi wanaoweza kukubishia kwa kutumia sentensi yako mwenyewe. Mimi, katika miaka ishirini na mbili ya ualimu, naomba angalau mmoja wa namna hiyo anijie siku nitakapoketi kwenye kitambaa cheupe, aninyime usingizi.

Mama Zuwena anasema, “Imeiva.” Hilo ni neno lake. Tasnifu inatumia neno refu zaidi, lakini maana ni hiyo.

Mheshimiwa Musitanteri, tafadhali inua kinu uwaonyeshe watu. Hapana, kiinamishe kidogo, wa ukutani pia waone. Wanafunzi, ni rangi gani? Njano. Kina mama, ni rangi gani? Njano. Unga uliingia mweupe. Hakuna moto uliowashwa hapa, hakuna pipa lililoletwa kutoka Kigoma, na sinki letu halikunywa kitu. Kinu chenyewe, Profesa, geuza chini yake usome: kuna herufi zako mbili na mwaka, ulizozichora kwa msumari ulipokiachia shule hii ukienda chuoni. Sikukitafuta mbali. Kilikuwa katika kabati la darasa lako la zamani, nyuma ya globu iliyovunjika. Hakijawahi kuonja mawese.

Sina la kuongeza juu ya kemia. Namshukuru Mheshimiwa Musitanteri kwa kuushika ushahidi kwa mikono miwili. Nawashukuru Sheikh na Padri kwa kucheka mahali palipofaa. Namshukuru Mama Profesa, ambaye najua atayasikia haya tena nyumbani. Nawashukuru nyote kwa masikio mliyonipa, na nawarudishia yakiwa mazima, mwende nayo mezani kwenye chakula kabla barabara haijafungwa.

Na wewe, Profesa Léonard, mwalimu wangu, nakudai jambo moja, leo, kabla ya soda ya kwanza kufunguliwa. Usiniamini mimi. Usimwamini Musitanteri. Simama, njoo kwenye meza hii, chukua unga huu, upime kwa namna yoyote uliyowahi kutufundisha. Bomba la kioo lipo, kipimajoto kipo, jiko la Hamissi limeshawaka nje na mafuta yanapata moto. Ukikuta kwamba ni unga uliosagwa tu, chana tasnifu, na mimi nitakushikia upande wa pili wa karatasi. Ukikuta ni kile alichosema Domitille, basi ukurasa wa mwisho uko wazi, na kalamu ni hii hapa. Matone mawili tumekupa. Tupe sahihi moja.